Alama ya Reli Haijavuka Likoni: Mitandao ya Kijamii, Dola na Kimya cha Kwale

Suala la iwapo mitandao ya kijamii huwafaa wanaopigania demokrasia au huwatia nguvu watawala wa kimabavu limejadiliwa sana, na aghalabu hujadiliwa kana kwamba jibu lake ni moja popote pale. Wapo wanaoitaja Tunis na Kairo ya 2011, wakasema kwamba simu ya rununu imewang'oa madikteta. Wapo wanaojibu, kama alivyojibu Evgeny Morozov katika kitabu chake The Net Delusion cha mwaka uo huo, kwamba mtawala naye anayo simu, tena ana askari wa kumsomea. Makala haya hayanuii kuirudia mivutano hiyo yote. Yananuia kuliuliza swali lenyewe mahali ambapo haliulizwi: katika Kwale, kuanzia mtu anapouacha mji wa Likoni nyuma yake hadi anapofika Vanga, mpakani mwa Tanzania. Hoja yangu ni kwamba mtandao hausafirishi sauti zote kwa nauli moja. Humpaza yule ambaye tayari ana watu wa kumsikiliza, na humwacha asiye nao mikononi mwa dola. Na lile ambalo dola hujifunza kulitenda pasiposikika, haikawii kulitenda panaposikika.

Tuanze na lisilokanika. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya, ambao wengi wao hawakuwa na chama wala kiongozi, walisimama kuupinga Mswada wa Fedha uliokusudia, pamoja na mengine, kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na kuyatoza magari kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Mswada wa aina hiyo ni waraka mkavu, ulioandikwa kwa Kiingereza kinachomchosha hata wakili. Vijana wakauchambua kifungu baada ya kifungu katika video fupi za TikTok, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, na wakazisambaza nambari za simu za wabunge hadi waheshimiwa wakalalamika kwamba simu zao zimefurika. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda si muda waandamanaji walikuwa ndani ya majengo ya Bunge, na risasi zilikuwa zimekwisha kuua. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai aliingia katika mjadala wa sauti kwenye mtandao wa X, akahojiwa na vijana waliokuwa wakimtajia majina ya waliouawa, na tarehe 11 Julai akalivunja karibu Baraza lote la Mawaziri. Hakuna chama cha upinzani nchini Kenya kilichopata kuyafanya hayo kwa muda wa mwezi mmoja.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni tafsiri. Mswada wa fedha huletwa Bungeni kila mwaka. Kilichoongezeka mwaka ule ni kwamba uliwafikia watu kwa lugha waliyoielewa kabla haujapigiwa kura. Nitalirejea jambo hili baadaye, kwa sababu ndipo ninapouona mzizi wa fitina.

Mwaka uliofuata tuliona jambo jingine. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa tarehe 7 Juni 2025 nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya chapisho la mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alisafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe. Katika zama za wazazi wetu taarifa ya kwanza ya polisi ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Safari hii haikudumu hata juma moja: Inspekta Jenerali aliikana mbele ya Seneti, Lagat akajiweka kando tarehe 16 Juni, na maafisa kadhaa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Msomaji atamkumbuka Khaled Said wa Alexandria, kijana aliyepigwa na polisi hadi kufa mwezi Juni 2010, ambaye ukurasa wa Facebook uliobeba jina lake ukawa mmoja wa milango ya mapinduzi ya Misri. Mfu aliyetajwa kwa jina na watu milioni hazikiki upesi.

Hata hivyo, mtandao ule ule ndio uliompeleka Ojwang kaburini. Dola haikuhitaji kupenyeza jasusi wala kumhonga jirani. Mwaka 1968, Abdilatif Abdalla alipoandika kijitabu chake Kenya: Twendapi?, nakala zilipita mkono kwa mkono na serikali ilibidi imsake aliyeziandika kabla ya kumfunga miaka 3 hapo 1969. Leo mwandishi hujipeleka mwenyewe: jina lake, picha yake, saa aliyoandika, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Hata fumbo, silaha kongwe ya washairi wetu dhidi ya masultani na magavana, halina tena giza la kujifichia. Mchoraji ajulikanaye kama Kibet Bull alimkejeli Rais kwa vibonzo vya vivuli vyeusi visivyo na sura. Ni fumbo la macho lililo bora kuliko mengi yanayoandikwa katika tenzi za siku hizi. Alitekwa Desemba 2024, akaachiliwa Januari 2025. Mwishoni mwa Desemba hiyo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema kwamba tangu Juni watu 82 walikuwa wametekwa, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko.

Na si kuteka tu. Watawala wamejifunza pia kununua kelele. Watafiti wawili Wakenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walionyesha katika ripoti iliyotolewa na Wakfu wa Mozilla mwaka 2021 jinsi vijana walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 za Kimarekani kushiriki kampeni za kuwachafua majaji na wanaharakati, kwa kurudia alama za reli walizopewa hadi zikaonekana kuwa maoni ya umma. Huu ndio ulimbukeni wa wale wanaodhani kwamba wingi wa sauti mtandaoni ni wingi wa watu. Tunisia nayo, ambako mapinduzi yale yalianzia, ilitunga Septemba 2022 amri nambari 54 inayomfunga mtu kwa kueneza habari ambazo serikali imeziita za uongo. Kenya imepita njia hiyo hiyo kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Marekebisho yake yalitiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025, na baada ya juma moja tu Mahakama Kuu ikavisimamisha baadhi ya vifungu vyake kwa muda.

Mizani basi yaelekea kuwa sawa: mtandao huku unaokoa, kule unaangamiza. Wengi huishia hapo, wakaridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu mizani hiyo imepimwa Nairobi. Tuvuke Likoni.

Pwani ya Kusini ilifahamu nguvu ya maneno yasiyo na mwenyewe kabla ya Facebook kuzaliwa. Mnamo Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vikaratasi visivyotiwa saini vilisambazwa kuwataka watu wa bara waondoke. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, na ghasia zilizoitwa za Kaya Bombo zikaenea hadi Diani na Ukunda. Tume ya Jaji Akiwumi na mashirika ya haki za binadamu yaliyochunguza baadaye yaliwataja wanasiasa wa chama kilichokuwa kikitawala. Lakini waliozolewa na kuteswa katika misako iliyofuata walikuwa vijana wa Kidigo. Hapa tunamwona babu wa ile alama ya reli ya kununuliwa: ujumbe unaojifanya wa wananchi, ilhali mikono iliyouandika imevaa saa za dhahabu.

Miaka kumi na kitu baadaye likaja Baraza la Republican la Mombasa, MRC. Sitaki kulijadili kama lilikuwa vuguvugu la kidemokrasia. Lilidai kujitenga, na wapo wazee wa kwetu ambao hadi leo hawalitaji bila kwanza kutazama huku na huku. Ninalolitaka ni jinsi lilivyonena. Kaulimbiu yake, “Pwani si Kenya”, ni maneno matatu tu, na ilienea kutoka Kwale hadi Kilifi kwa vinywa, kwa matatu, kwa kuta za nyumba na kwa ujumbe mfupi wa simu, wakati ambapo wafuasi wake wengi hawakuwa na simu ya kuingia Facebook. Nyuma yake yalikuwapo madai mazito ya ardhi: watu walioishi kama maskwota katika mashamba ya mababu zao, na mikataba ya ukanda wa maili kumi ya 1895 na 1963 iliyosomwa upya vibarazani. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010 kwa tangazo la gazeti rasmi, pamoja na makundi ya wahalifu. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema marufuku hayo yanakiuka Katiba. Oktoba mwaka uo huo polisi wakamkamata mwenyekiti wake, Omar Mwamnuadzi, huko Kombani. Kwa hiyo vuguvugu lililokosa mtandao lilikua, lilishinda mahakamani na bado lilivunjwa kwa marungu na bunduki za kawaida. Anayesema kwamba bila mtandao hakuna harakati, au kwamba bila mtandao dola haioni, hajafika Kombani.

Baada ya hapo ndipo panapouma. Kuanzia 2012, mwaka aliouawa Sheikh Aboud Rogo, hadi 2016, Pwani iliingia katika kipindi cha watu kutoweka. Kijana hutoka msikitini au dukani, gari husimama, na haonekani tena. Au huonekana siku chache baadaye akiwa maiti porini. Shirika la HAKI Africa la Mombasa lilichapisha mwaka 2016 ripoti iliyoorodhesha kesi 81 za mauaji na kutoweka kwa watu katika Pwani, na Kwale imo. Tuuweke msomaji ubavuni mwa hesabu hii ule wa tume ya haki za binadamu niliokwisha kuutaja: 82. Hesabu hizi mbili zimeachana kwa mtu mmoja. Kipindi si kimoja, na aina za kesi hazilingani kikamilifu, lakini mtu yeyote aliyeishi Kenya anajua kwamba mwangwi wake haukulingana hata kidogo. Waliotekwa Desemba 2024 walitajwa majina, sura na vijiji vyao kabla jua halijatua. Wale 81, nje ya Pwani, ni nani anayeweza kumtaja mmoja wao?

Wala hatuwezi kusema kwamba mitandao haikuwapo. Ilikuwapo, tena Wakenya walisifika duniani kwa ukali wao kwenye Twitter. Mnamo Julai 2015, kituo cha CNN kilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, Wakenya walikishambulia kwa alama ya reli hadi kikajuta. Heshima ya taifa ililindwa vilivyo. Miezi ile ile akina mama wa Kwale walikuwa wakizunguka kutoka kituo cha polisi hadi hospitali hadi chumba cha maiti wakiuliza habari za watoto wao, na wale hodari wa kutetea jina la Kenya hawakuwaona. Reli ya taifa haikupata kuvuka kivuko cha Likoni, na alama yake nayo yaelekea ilikwama huko huko.

Kwa nini kimya kile? Jibu la haraka ni woga, na woga ulikuwa wa pande mbili: katika miaka hiyo wazee wa Nyumba Kumi na waliodhaniwa kuwapasha polisi habari nao waliuawa vijijini, kwa hiyo mtu alichelea kusema na alichelea kunyamaza. Jibu la pili ni kwamba waliotakiwa kusema walinyamazishwa. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali iliyaorodhesha HAKI Africa na MUHURI pamoja na watu na taasisi zilizoshukiwa kuhusika na ugaidi, ikazifunga akaunti zao za benki. Ilibidi zingoje hadi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa iamuru zifunguliwe. Lakini jibu ninaloliona kuwa zito zaidi, na linalotuhusu sisi watu wa lugha, ni neno lenyewe: gaidi. Kijana wa Ukunda akitoweka, neno lilikuwa limemtangulia. Halikuhitaji ushahidi, kwani lilikuwa ndilo ushahidi. Aliyeisambaza picha yake mtandaoni angeulizwa anamjuaje. Katika isimu tunafundishwa kwamba kuna maneno yatendayo, kama vile talaka au kiapo. Hilo lilikuwa mojawapo, na lilimwondoa mtu katika idadi ya wananchi kabla ya gari kufika.

Sasa litazame neno hilo likisafiri. Baada ya maandamano ya Juni 2025, vijana kadhaa wa bara walijikuta wakishtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Julai mwaka huo mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa nyumbani kwake, na tuhuma ya kwanza iliyotangazwa na polisi ilikuwa ya kufanikisha vitendo vya kigaidi. Alipofikishwa mahakamani shtaka likawa la kupatikana na risasi. Watu wa Nairobi walishangaa na kucheka kwa uchungu. Kwale hapakuwa na la kushangaza. Magari yasiyo na nambari, watu waliofunika nyuso, polisi wanaosema hawamzuilii, mama anayezungushwa: yote hayo yalikuwa yamekwisha kufanyiwa mazoezi miongoni mwa watu ambao hawakuwa na wafuasi mtandaoni. Laiti kelele za 2024 zingepigwa mwaka 2014, naamini mazoezi yale yasingefikia kuwa mazoea. Sisemi haya kuwasimanga vijana wa Gen Z, ambao ujasiri wao nauvulia kofia. Nasema kwamba chombo walichokitumia kilikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo ndiko walikotekewa.

Basi je, leo hali ikoje? Mtafiti anayetaka kuijua siasa ya Kwale kwa kuusoma mtandao wa X atapata mandhari za hoteli za Diani, matangazo ya serikali ya kaunti, na watalii wanaosifu machweo. Mazungumzo yenyewe hayako huko. Yako katika vikundi vya WhatsApp, na hayaandikwi bali husemwa: ujumbe wa sauti wa dakika tatu au nne, kwa Kidigo au Kiduruma, mara nyingine kwa Kivumba upande wa Vanga, ukiwa na kuku na bahari nyuma yake. Shangazi yangu wa Msambweni hajapata kuandika sentensi moja kwenye simu, lakini ana maoni kuhusu bei ya mnazi, ahadi za basari na fidia za ardhi, na hutoa maoni hayo kila asubuhi baada ya kuwasha jiko. Ni baraza halisi, lenye vicheko, methali na kukatizana. Mtu asiyejua lugha hizo hawezi kulichungulia kwa urahisi, na yaweza kudhaniwa kwamba hapo angalau tumepata kichaka.

Hatujapata. Katika kikundi cha kijiji ninachokifahamu vizuri, chifu msaidizi ni mmoja wa wasimamizi. Aliingizwa kwa nia njema, ili atangaze siku za chanjo na za vitambulisho, na huzitangaza kweli. Sijamwona akitenda baya lolote. Hata hivyo nimeona jinsi sauti zinavyobadilika: lililosemwa kwa ukali kisimani husemwa kwa upole kikundini, na maswali ya fidia na hatimiliki huhamia kwenye simu za mtu na mtu. Hakuna sheria iliyotungwa wala programu ya kijasusi iliyonunuliwa. Serikali inao watu kijijini, mpangilio wao ni wa zamani na unafika kila nyumba ya kumi, na mtandao umewapa kiti mbele. Wanaoilalamikia serikali hawana mpangilio. Wana kikundi tu. Ndiyo maana nasema kwamba mahali kama kwetu, mtandao ukiachwa kama ulivyo, humzidishia mwenye kuzidishiwa.

Mfano mkali zaidi tuliuona kutoka Lunga Lunga bila ya kuvuka mpaka. Wadigo wako pande zote mbili, Kwale na Tanga. Ndoa na mazishi hupita Horohoro kila juma. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejeshwa tarehe 3 Novemba. Mtandao wa X ulikuwa umezuiwa huko tangu Mei, na JamiiForums ilikuwa imesimamishwa mwezi Septemba kwa siku 90. Katika kikundi cha ukoo wetu, salamu zilizotumwa kwa jamaa wa Tanga zilibaki na alama moja ya vema, siku baada ya siku, huku upande huu tukisikia habari za risasi na watu kufa. Mtandao uliporejea, watu walipokea ujumbe wa simu ukiwaonya dhidi ya kusambaza picha za ghasia. Atakayesema kwamba serikali haizimi kisichoitisha, na kwa hiyo kuzimwa kwenyewe ni ushahidi kwamba mtandao una nguvu, anasema kweli. Lakini ni nguvu ya mwenge ambao swichi yake iko mkononi mwa mwingine. Kenya haijafikia hapo, ingawa imeonja: tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya televisheni viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ya baadhi yao ikazimwa, na jioni ile ile Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Simu ndizo zilizotuonyesha yaliyotendeka saa zile za katikati. Tofauti ya nchi hizi mbili siku hizo haikuwa ya mitandao, kwani programu ni zile zile. Ilikuwa ya mahakama.

Narudi kwenye tafsiri, kama nilivyoahidi. Vijana wa 2024 waliushinda mswada kwa sababu waliutoa katika Kiingereza cha Bunge. Kwale, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 866,820, ina bunge lake la kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya bajeti, mipango ya matumizi ya ardhi na mikataba ya machimbo huandikwa kwa lugha gani? Mwananchi wa Kinango hualikwa kutoa maoni juu ya kitabu cha mamia ya kurasa asichoweza kukisoma, kisha karatasi ya mahudhurio aliyoitia sahihi huwa ushahidi kwamba ameshirikishwa. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili. Serikali haijafanya hivyo ipasavyo, nasi katika idara za Kiswahili tumengoja ifanye.

Hapa lawama yetu ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Lahaja za Vumba na Chifundi zimechunguzwa tangu enzi za H. E. Lambert katika miaka ya 1950. Kila mwaka tasnifu mpya huandikwa juu ya fonolojia yake, mofolojia yake, misamiati ya uvuvi. Tunajua kwa usahihi jinsi mtu wa Vanga anavyotamka. Tunayoyajua kuhusu anachokisema ni machache mno. Mwanafunzi akileta pendekezo la kuchunguza ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama utanzu wa fasihi simulizi ya leo, huulizwa nadharia yake ni ipi, na baada ya miezi sita hubadilisha mada, akarudi kwenye taswira katika riwaya fulani ambayo tumekwisha kuichambua hadi imekonda.

Ninachopendekeza kwa chama chetu ni kidogo, na chaweza kuanza muhula ujao. Tuchague waraka mmoja wa Bunge la Kaunti ya Kwale kila robo ya mwaka, tuufasiri kwa Kiswahili sanifu, kisha wanachama wazawa wa Kwale wausome kwa sauti kwa Kidigo na Kiduruma, katika vipande vya dakika tatu vinavyoweza kupita WhatsApp kwa bando la shilingi kumi. Tusitangulie mtandaoni: tuvipeleke kwanza kwenye vibaraza, kwenye maskani za bodaboda, kwa ngambi na kwa maimamu, vijadiliwe na watu wanaotazamana usoni, ndipo visambazwe na hao waliovijadili. Mtu aliyesimama na jirani zake arubaini ni mgumu kutekwa kuliko mwenye wafuasi elfu arubaini asiowajua.

Najua patakuwapo wahadhiri watakaosema kwamba hiyo ni siasa na si taaluma. Wengine watasema, kwa haki zaidi, kwamba tutawaingiza wanafunzi katika hatari. Pingamizi hilo la pili nalichukulia kwa uzito, na ndiyo sababu sipendekezi tuanze na habari za waliotoweka, ingawa ndizo zilizonifanya niandike. Kuzirekodi kunahitaji wanasheria, kunahitaji mashirika yenye uzoefu, na zaidi ya yote kunahitaji idhini. Zipo familia ambazo hazitataka jina la mtoto wao litajwe tena na mtu yeyote, na uamuzi huo ni wao. Zitakazotaka, tuwe tayari kuwauliza kwa Kidigo.